Jinsi ya kumsaidia mgonjwa wa saratani ya damu aelewe matibabu mapya na tafiti

Mama mdogo alinipigia simu usiku, sauti imechangamka kuliko nilivyoizoea tangu augue. Binamu yangu alikuwa amemtumia klipu: saratani ya damu imepata dawa, mtu anatolewa chembe zake mwenyewe, zinarekebishwa maabara, zinarudishwa mwilini, ugonjwa unakwisha. "Sasa mwanangu, mbona mimi hawaniambii?"

Ningekuwa na jibu rahisi kama klipu ile ingekuwa ya uongo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa kweli. Tiba hiyo ipo. Ila mgonjwa aliyesimuliwa mle alikuwa mtoto mwenye leukemia kali ya limfu, na mama mdogo ana mieloma. Ilinichukua karibu wiki mbili kupata maneno ya kumweleza tofauti hiyo bila kumvunja moyo na bila kumdanganya.

Hatua zilizo hapa chini nimezipata kwa kukosea kwanza. Zinamfaa ndugu, rafiki, muuguzi au mtu wa kujitolea anayekaa ubavuni mwa mgonjwa. Kuchagua tiba ni kazi ya mgonjwa na daktari wake. Yako wewe ni kumsaidia mgonjwa aliunde swali lake mwenyewe, kisha alielewe jibu atakalopewa.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la ugonjwa

"Saratani ya damu" ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo mna leukemia, inayoanzia kwenye uboho na kuijaza damu chembe nyeupe zisizofanya kazi yake. Mna limfoma, inayokaa zaidi kwenye tezi za limfu. Na mna mieloma, saratani ya chembe za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili. Leukemia peke yake ina matawi manne makubwa, kutegemea kama inakwenda kasi (huitwa kali) au polepole (huitwa sugu), na kama imetokana na chembe za limfu au za mieloidi, makundi mawili ya chembe zinazozaliwa kwenye uboho. Limfoma zina aina zaidi ya 60. Mtu akikuletea habari ya "dawa mpya ya saratani ya damu", muulize kwanza: ya nani katika ukoo huu?

Hadithi ya imatinib inaonyesha vizuri kwa nini jina lina uzito. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford waliokuwa wakifanya kazi Philadelphia waliona kromosomu, yaani uzi unaobeba vinasaba ndani ya chembe, fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa leukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akagundua kilichotokea: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vilipoungana panazaliwa protini inayoziamuru chembe zigawanyike bila kupumzika. Imatinib ni kidonge kinachoiziba protini hiyo. Kiliidhinishwa Marekani Mei 2001, na utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa mwanzo waliokitumia ulikuta takriban 83 kati ya kila 100 wako hai baada ya miaka 10. Huko nyuma ugonjwa huo ulikuwa unaua wengi ndani ya miaka michache. Lakini mpe kidonge hichohicho mtu mwenye leukemia isiyo na kosa hilo la kromosomu: hakina cha kuziba.

Kwa hiyo chukua daftari, na ukurasa wa kwanza uandike mambo manne. Jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye ripoti ya patholojia, ile ya maabara iliyothibitisha saratani, neno kwa neno, hata kama hulielewi. Mabadiliko ya kromosomu au vinasaba yaliyoonekana, kama yamepimwa. Dawa zote alizokwisha kutumia, kwa mfuatano wake, na kilichofanya kila moja isimamishwe: ilishindwa, ilimdhuru, au muda wake uliisha? Mwisho, hali ya figo, moyo na ini. Kama hamna nakala ya ripoti, ombeni. Ukurasa huo mmoja utakuokoa na nusu ya habari zisizomhusu mgonjwa wako.

Hatua ya 2: Muulize anataka kujua kiasi gani

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilimwendea mama mdogo na karatasi kumi nilizochapa, akazitazama, akaziweka chini ya mto, hakuzigusa tena.

Wapo wanaotaka kila namba. Wapo wanaotaka kujua tu kinachohusu uamuzi ulio mbele yao wiki hii. Wapo wanaosema, "Msikilize wewe, mimi niambie cha kufanya." Wote wana haki, na jibu la Januari si lazima liwe la Juni. Uliza waziwazi: "Nikikuta takwimu za watu wanaoishi muda gani, nikuambie au nikae nazo?" Na chagua siku. Siku ya dripu si siku yake. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, zinaweza kumkosesha mtu usingizi na kumbadilisha hisia. Ukimweleza jambo zito usiku huo, atalibeba vibaya.

Hatua ya 3: Eleza dawa inafanya nini mwilini

Mgonjwa hahitaji biolojia ya chuo. Anahitaji kuona picha kichwani. Mimi naepuka lugha ya vita, ya askari na maadui, kwa sababu ugonjwa ukirudi mgonjwa anaanza kujiona yeye ndiye aliyeshindwa. Nasema hivi.

Tibakemikali inapiga chembe zinazogawanyika haraka. Saratani ni mojawapo, lakini nywele, utando wa mdomo na uboho nazo zinagawanyika haraka, ndiyo maana zinaumia. Tiba lengwa, kama imatinib, inatafuta kosa moja mahususi ndani ya chembe ya saratani. Kingamwili za kutengenezwa zinashika alama iliyo juu ya chembe: rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, inashika alama iitwayo CD20 ambayo chembe B nyingi, aina moja ya chembe nyeupe za kinga, huwa nayo. Chembe B zenye afya nazo zinayo, ndiyo sababu mgonjwa anabaki na kinga dhaifu kwa miezi. Kuna pia kingamwili zenye mikono miwili: mkono mmoja unaikamata chembe ya saratani, wa pili unaikamata chembe T ya mgonjwa, aina nyingine ya chembe nyeupe za kinga, na kuzisogeza pamoja hadi chembe T ifanye kazi yake. Blinatumomab ya mwaka 2014 ndiyo iliyotangulia katika saratani za damu, na teclistamab ya mwaka 2022 ni ya mieloma.

Kisha kuna ile ya kwenye klipu, chembe za CAR-T. Hii nieleze kwa urefu, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Damu ya mgonjwa inapitishwa kwenye mashine inayochuja chembe T na kumrudishia zilizobaki. Chembe hizo zinapelekwa maabara, zinapewa kinasaba kipya kinachozifanya ziote kipokezi cha kuitambua saratani, zinazalishwa ziwe nyingi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo ugonjwa haumngoji mtu, kwa hiyo mara nyingi anapewa dawa nyingine ya kuushikilia. Kabla ya kurudishiwa chembe zake anapata tibakemikali ya siku chache ya kuzitengenezea nafasi. Kurudishiwa kwenyewe ni mfuko mdogo wa dripu. Wagonjwa wengi hushangaa: hivi ndivyo?

Ugumu unakuja siku zinazofuata. Chembe hizo zikianza kazi zinaweza kuamsha kinga nzima kwa kishindo: homa kali, presha kushuka, pumzi kubana. Mwaka 2012 huko Philadelphia, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa watoto kupata tiba hii alifikia ukingoni kabisa, hadi madaktari walipompa tocilizumab, dawa iliyokuwa ikijulikana kwa ugonjwa wa viungo. Alipona, na tocilizumab sasa ni sehemu ya kawaida ya tiba hiyo. Ubongo pia unaweza kuguswa. Ndiyo maana muuguzi humjia mgonjwa akiwa na kalamu na kumwomba aandike sentensi moja, ataje vitu vitatu anavyoonyeshwa, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa makumi. Mwandiko ukianza kuyumba, daktari anaitwa. Mwambie mgonjwa hilo mapema, asije akadhani anapimwa akili.

Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani Agosti 2017, kwa watoto na vijana hadi miaka 25 wenye leukemia kali ya limfu ya chembe B ambayo imekataa tiba au imerudi. Kwa mieloma zilikuja mbili, mwaka 2021 na 2022, na zinalenga alama tofauti kabisa, iitwayo BCMA. Basi hapo ndipo jibu la mama mdogo lilipokuwa: ipo, lakini si hiyo uliyoisikia, na ina zamu yake.

Nyongeza kidogo. Dawa "mpya" mara nyingine ni kongwe. Thalidomide iliondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya watoto wengi kuzaliwa na viungo pungufu, na mwaka 1999 watafiti wakaonyesha kwamba inausaidia mwili dhidi ya mieloma. Binamu yake, lenalidomide, inatumiwa na wagonjwa wengi leo. Mgonjwa akilalamika kwa nini anaulizwa maswali ya ujauzito kila mara, au mwanamume kwa nini anaambiwa atumie kondomu, sababu ni hiyo.

Hatua ya 4: Pima habari imefika ngazi gani

Kila habari ya utafiti mnayoipata, iulizeni imesimama wapi. Kama ni chembe kwenye sahani ya maabara au panya, furahini kidogo kisha endeleeni na maisha. Majaribio kwa watu huenda kwa awamu. Awamu ya 1 huwa na watu makumi tu, na lengo lake kuu ni kujua kipimo gani cha dawa kinavumilika. Awamu ya 2 inatazama kama ugonjwa unaitikia. Awamu ya 3 inailinganisha dawa mpya na tiba iliyopo, kwa mamia ya watu au zaidi, na kundi la kila mtu linaamuliwa kwa bahati nasibu. Hiyo ndiyo inayobadili matibabu.

Desemba na Juni mtaona habari zinamiminika. Si muujiza, ni kwamba madaktari wa damu wana mikutano yao mikubwa, wa Marekani mwezi Desemba na wa Ulaya mwezi Juni. Kinachotoka huko mara nyingi ni muhtasari ambao bado haujapitiwa kwa kina kama makala ya jarida. Na dawa kuidhinishwa nchi moja hakumaanishi imefika nyingine. Kila nchi ina mamlaka yake ya dawa.

Halafu ulizeni swali linalosahaulika: nafuu hiyo ilidumu muda gani? Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye leukemia kali aliowapa aminopterin, 10 walipata nafuu. Ilikuwa hatua kubwa, haijapata kuonekana kabla yake. Lakini nafuu ile ilikuwa ya miezi, kisha ugonjwa ukarudi. Kichwa cha habari cha leo kingeweza kusema kweli tupu juu ya watoto wale 10 na bado kikampotosha mzazi.

Hatua ya 5: Zichoreni namba pamoja

Chukua karatasi na kalamu mbili za rangi. Chora viduara 100, safu kumi za kumi. Sasa tumia utafiti halisi, ule wa mwaka 2002 uliowahusu wagonjwa 399 wa miaka 60 hadi 80 wenye limfoma sambavu ya chembe B kubwa. Nusu walipata tibakemikali ya kawaida, nusu tibakemikali hiyohiyo pamoja na rituximab. Baada ya miaka 2, kundi la kwanza walikuwa hai asilimia 57, la pili asilimia 70.

Paka rangi viduara 57. Hao wangekuwa hai hata bila dawa mpya. Kwa rangi ya pili paka 13 vingine. Hao ndio dawa mpya iliowaongeza. Vinabaki 30 vyeupe.

Sasa gazeti lingeweza kuandika "hatari ya kifo yapungua kwa asilimia 30", kwa sababu vifo vilishuka kutoka 43 hadi 30, na 13 ni karibu asilimia 30 ya 43. Mwingine angeandika "watu 13 zaidi katika kila 100". Hesabu ni moja, masikio yanasikia mambo mawili. Mgonjwa akikuletea asilimia, kila mara mrudishe kwenye viduara: kati ya watu 100 kama mimi, wangapi bila dawa, wangapi na dawa? Uwe tayari pia kwa kidole kitakachogusa vile vyeupe. "Na hawa?" Usigeuze ukurasa haraka. Mwambie ukweli: kwa hao dawa haikutosha, na ndiyo maana utafiti haujasimama.

Jambo la pili ni kujua kilichopimwa. Mara nyingi kinachotangazwa si uhai. Ni muda ambao mgonjwa alikaa bila ugonjwa kusonga mbele. Mnadhani ni kitu kimoja? Tazameni venetoclax, dawa nzuri sana kwa leukemia sugu ya limfu, ilipojaribiwa kwa watu 291 wenye mieloma iliyorudi au iliyokataa tiba. Waliopewa venetoclax juu ya tiba ya kawaida walikaa miezi 22.4 bila ugonjwa kusonga, wenzao miezi 11.5. Karibu mara mbili! Lakini walipohesabu vifo, walikufa 41 kati ya 194 waliopata dawa, dhidi ya 11 kati ya 97 ambao hawakuipata. Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Na bado, ndani ya utafiti uleule, wagonjwa ambao kromosomu zao za 11 na 14 zilikuwa zimebadilishana vipande walionekana kunufaika. Ukurasa wa kwanza wa daftari unarudi tena.

Miezi hiyo 22.4 ni nambari ya katikati: nusu ya watu walifika huko kabla, nusu baada, na baadhi yao baada sana. Mgonjwa akiona "miezi 22" huisoma kama tarehe ya kalenda. Mwonyeshe kwamba ni mstari unaopita katikati ya umati.

Neno jingine mtakalokutana nalo ni mabaki madogo ya ugonjwa. Darubini ikisema uboho ni safi, vipimo vya kisasa vinaweza bado kuona chembe 1 ya saratani kati ya 100,000. Kutokuonekana kwa mabaki ni habari njema, lakini si sawa na kupona. Kwenye leukemia sugu ya mieloidi, watafiti wa Ufaransa waliwasimamishia imatinib watu ambao ugonjwa haukuonekana tena kwa angalau miaka 2. Takriban 4 kati ya 10 waliendelea vizuri bila dawa. Kwa wengine ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi 6, na ukatulia tena waliporudia kidonge. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara. Mgonjwa anayeacha kidonge kimyakimya hana wavu huo.

Hatua ya 6: Akialikwa kwenye jaribio la kitabibu

Hofu ya kwanza ni "watanifanya panya". Ya pili ni "watanipa kidonge cha unga". Zote zinastahili jibu la kweli.

Panapokuwa na tiba inayofanya kazi, mgonjwa wa saratani kwa kawaida haachiwi na dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, peke yake. Dawa bandia, ikiwapo, huongezwa juu ya tiba ya kawaida, kama dawa mpya inavyoongezwa kwa kundi la pili. Itafuteni sentensi hiyo kwenye fomu ya ridhaa, msiibahatishe. Fomu hiyo ichukueni nyumbani. Msomee kwa sauti, kipande kwa kipande, na kila anapokunja uso weka alama pembeni. Alama hizo ndizo maswali ya kumpelekea daktari au muuguzi wa utafiti. Nisipojiunga, nitapata tiba gani? Jaribio ni la awamu ya ngapi? Nitachomwa uboho mara ngapi kuliko sasa? Nikidhurika, nani anagharamia matibabu? Nauli na malazi je? Dawa ikinifaa, nitaendelea kuipata jaribio likifungwa?

Na mhakikishie hili, kwa kuwa wengi hawalisikii vizuri: anaweza kutoka wakati wowote bila kutoa sababu, na hapotezi haki ya tiba yake ya kawaida. Asitoke tu bila kumwambia mtu, maana baadhi ya dawa zinahitaji kupunguzwa kwa mpango.

Mkitaka kutafuta wenyewe, tovuti ya ClinicalTrials.gov imekuwapo tangu mwaka 2000 na kila jaribio lina namba inayoanza na herufi NCT. Tafuteni kwa jina kamili la ugonjwa, kisha nendeni moja kwa moja kwenye masharti ya kujiunga. Huko ndiko utakuta "asiwe ametumia dawa fulani" au "figo ziwe zinafanya kazi kwa kiwango fulani", na utashukuru kwa kuandika ule ukurasa wa kwanza. Mgonjwa asipokidhi masharti, mwambie mapema kwamba masharti yale yanailinda tathmini na yanamlinda yeye. Hakuna aliyemkataa kama mtu.

Hatua ya 7: Kliniki, dakika chache tu

Maswali matatu, si kumi na moja. Ayaandike mgonjwa, kwa maneno yake, na lile linalomnyima usingizi liwe la kwanza. Omba ruhusa ya kurekodi. Daktari akitumia neno geni, uliza palepale, hata ukionekana mshamba. Mimi nimeonekana mshamba mara nyingi na sijafa.

Mkitoka, usimuulize "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Muulize, "Dada akipiga simu jioni, utamwambiaje?" Atakavyosimulia ndivyo alivyoelewa. Pale anapokwama ndipo mnaporudi kwenye rekodi.

Hatua ya 8: Zitambue habari za kuuza

Anayetangaza kwamba dawa moja inatibu leukemia, kisukari na tezi dume, mpite. Anayetaka pesa kwanza ili ukubaliwe kwenye "utafiti" usio na namba ya usajili, mpite mbio. Ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona hauwezi kukuambia wangapi walitumia kitu hichohicho wakazikwa.

Kwenye mitishamba sipendi ukali. Ukimfokea mgonjwa ataificha, na huko kuificha ndiko kwenye hatari. Mweleze tu kinachotokea: ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa kama imatinib, ibrutinib na venetoclax. Juisi ya balungi inaweza kuvizuia, dawa ikarundikana mwilini hadi kuwa sumu. Baadhi ya mitishamba hufanya kinyume chake, dawa ikavunjwa haraka na saratani ikapata mwanya. Aweke chupa na pakiti zote kwenye mfuko mmoja aje nazo kliniki, mfamasia azitazame.

Hatua ya 9: Wekeni tarehe

Maelezo ya tiba hizi yanazeeka haraka. Chembe za CAR-T zilipotoka, hatari zilizozungumzwa zilikuwa homa na ubongo. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka liongezwe onyo kwamba, kwa nadra, saratani mpya ya chembe T inaweza kujitokeza baadaye. Kwa hiyo kila mnachokiandika kiwekeeni tarehe, na kila baada ya miezi mitatu au tiba inapobadilika, kipitieni upya.

Mama mdogo alipokwenda kliniki baada ya simu ile, alifungua daftari akasoma mwenyewe, polepole, miwani puani: "Daktari, tiba ya chembe zangu mwenyewe, ile ya alama ya BCMA, kwa mieloma yangu zamu yake imefika, au bado, au nimeshaipita?" Daktari akaiacha kompyuta, akasogeza kiti. Bado, alisema, kwa sababu tiba ya sasa inaushikilia ugonjwa vizuri, na akamwonyesha kwenye grafu ya damu ni mstari upi ukianza kupanda watazungumza tena. Mama mdogo akaandika "bado", akapigia mstari chini, akaniuliza leo ni tarehe ngapi.